Haba na Haba Hujaza Mapafu: Nani Anaujumlisha Moshi?



Wakati wa likizo iliyopita, sisi mafrateri tunaotoka pande za Mbozi tulipangiwa kutembelea wagonjwa katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hapa Mlowo. Katika nyumba moja, si mbali na barabara kuu ya TANZAM, tulimkuta mama mtu mzima ambaye kifua kimemsumbua kwa miaka mingi. Hajawahi kuvuta sigara. Tulisali naye, tukamwimbia wimbo wa Bikira Maria, na tulipotaka kuaga akatuuliza swali ambalo hatukulitegemea: "Wanangu, ninyi mafrateri mnasoma. Hebu niambieni, nani ananikohoza?"

Tulidhani anatania. Kumbe alikuwa amelifanyia kazi swali lake. Jirani anayechoma tofali alimwambia kwamba tanuri lake ni moja tu, na linawaka siku chache. Mwenye mashine ya kukoboa na kusaga alimwambia kwamba pumba na vumbi lake haviwezi kufika huko. Dereva wa semitrela anayepaki jirani alimwambia kwamba gari lake ni moja kati ya mamia yanayokwenda Tunduma. Wanaochoma taka za soko walimwambia kwamba moshi wao unapanda juu na kuisha. Na yeye mwenyewe, kwa uaminifu wote, alikiri kwamba amepikia kuni tangu akiwa binti. "Basi kila mmoja ana moshi mdogo," alisema, "lakini mimi nina kikohozi kikubwa."

Tuliondoka pale bila jibu. Tangu siku hiyo tumelibeba swali lake mpaka darasani, na leo tunapenda kulileta kwenu, wasomaji wetu, kwa sababu tunaamini kwamba limegusa jambo ambalo sheria zetu, wataalamu wetu na hata dhamiri zetu zimelipita kando: ni nani mwenye wajibu wa kujumlisha?

Fundo la chungu ya nafaka

Wanafunzi wa falsafa hukutana mapema na fumbo linalohusishwa na Eubulide wa Mileto, aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo. Punje moja ya nafaka si chungu. Ukiongeza punje moja, bado si chungu. Ukiongeza nyingine, bado. Ni punje ipi basi inayogeuza punje kuwa chungu? Hakuna punje unayoweza kuinyooshea kidole, na hata hivyo mwisho wa siku chungu ipo mbele yako. Mkulima wa Mbozi anayeanika mahindi yake juu ya turubai hahitaji kwenda Ugiriki kulielewa hilo. Wazee wetu walikwisha kulisema kwa njia yao: haba na haba hujaza kibaba.

Methali hiyo tumezoea kuitumia kwa kuweka akiba. Lakini inafanya kazi pande zote mbili. Mapafu nayo ni kibaba. Chembe za moshi na vumbi zinazodhuru zaidi ni zile ndogo zenye kipenyo cha chini ya mikromita 2.5, ambazo ni nyembamba mara nyingi kuliko unywele wa binadamu. Hazizuiliwi na pua wala koo. Huingia hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hupenya kwenye damu. Ndiyo maana madhara yake hayaishii kwenye kikohozi, bali yanafika kwenye moyo na kwenye mishipa ya ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa, wa nje na wa ndani ya nyumba, unahusika na vifo vya mapema vipatavyo milioni 7 kila mwaka. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha kiwango linachokishauri kwa chembe hizo kutoka mikrogramu 10 hadi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka.

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao ni wetu wa kufundishia tu. Tuseme mji fulani una hewa nzuri yenye mikrogramu 2. Linakuja tanuri la tofali na kuongeza moja na nusu. Mtaalamu anapima: jumla ni 3.5, iko chini ya 5, ruksa. Kinakuja kituo cha malori, nacho kinaongeza moja na nusu. Mtaalamu wake anaanza upya na hewa ileile ya mwanzo, naye anapata 3.5: ruksa. Kinakuja kiwanda, kisha kambi, kila kimoja na moja na nusu yake. Taarifa zote nne zimeandikwa kwa uaminifu, na hakuna aliyesema uongo. Lakini mtoto wa mji ule anavuta mikrogramu 8, kwa sababu mapafu yake hayasomi taarifa moja moja.

Wataalamu wana jina la jambo hili. Wanaliita athari limbikizi: madhara yanayotokana na mradi mmoja yakijumlishwa na ya miradi iliyotangulia, iliyopo, na ile inayotarajiwa kuja, bila kujali ni nani anayeimiliki. Marekani iliweka maelezo ya namna hiyo katika kanuni zake za mazingira mwaka 1978. Hapa kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtambulia kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria hiyo ndiyo iliyolipa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, jukumu la kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira, na ikaweka pia nafasi ya tathmini ya kimkakati kwa sera na mipango mikubwa. Msingi huo ni mzuri. Ila tathmini kwa desturi yake huzaliwa na mradi: mwenye mradi ndiye anayeilipia, na swali lake la kwanza ni "mradi wangu utafanya nini?" Swali la yule mama wa Mlowo linaanzia upande wa pili, upande wa kifua chake. Maswali hayo mawili hayakutani mpaka awepo mtu wa kuyakutanisha.

Kambi ya jeshi: mji mdogo ndani ya uzio

Tumechagua kuzungumzia kambi za jeshi, na pengine msomaji atashangaa. Mlowo inajulikana kwa kahawa, mahindi na barabara. Haijulikani kwa kambi. Sababu yetu ni kwamba kambi ya jeshi ndiyo mahali ambapo ugumu wa kujumlisha unaonekana wazi kuliko mahali pengine popote.

Tufikiri kidogo juu ya kambi kubwa ilivyo. Kuna majenereta yanayonguruma usiku na mchana. Kuna magari mazito ya dizeli. Pengine kuna uwanja wa ndege, na injini za ndege hupimwa zikiwa zimesimama ardhini. Kuna matangi ya mafuta ambayo mvuke wake hupotelea hewani. Kuna uwanja wa kulenga shabaha, ambako vumbi la madini ya risasi hubaki ardhini na kupeperushwa. Kuna silaha zilizopitwa na wakati ambazo huharibiwa kwa kulipuliwa au kuchomwa mahali pa wazi. Kuna jiko la kulisha mamia ya watu, na kuna taka za mamia hao, ambazo mara nyingi huishia kwenye shimo la moto. Kwa maneno mengine, karibu kila chanzo cha moshi tunachokijua kimekusanywa ndani ya uzio mmoja. Na uzio huo, kwa sababu zinazoeleweka, haupigiwi hodi na mtu mwenye kipimo mkononi.

Uzio unazuia watu, lakini hauzuii upepo.

Mifano haiko mbali. Djibouti ni nchi ndogo yenye watu wapatao milioni moja, na wengi wao wanaishi katika mji mkuu. Wafaransa wana kambi pale tangu kabla ya uhuru wa mwaka 1977. Wamarekani wako Camp Lemonnier, kandokando ya uwanja wa ndege wa Ambouli, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wajapani walifungua kambi yao mwaka 2011, Wachina wakafungua ya kwao mwaka 2017, na Waitaliano wapo pia. Kila jeshi lina bendera yake, mkataba wake na jenereta zake. Mtoto wa Djibouti ana hewa moja. Hata kama kila taifa kati ya hayo lingefanya tathmini nzuri kabisa ya kambi yake, bado swali la mtoto huyo lingebaki palepale, kwa kuwa jibu lake haliwezi kupatikana ndani ya kambi moja.

Tena wanajeshi wenyewe ndio wa kwanza kuumia. Katika vita vya Iraki na Afghanistan, kambi za Marekani zilichoma taka zao katika mashimo makubwa ya wazi: plastiki, mafuta, betri, dawa, chochote kilichokuwepo. Shimo la kambi ya Balad, Iraki, lilipata umaarufu mbaya. Askari walirudi nyumbani wakiwa na magonjwa ya kifua na saratani, na kwa miaka mingi wakaambiwa kwamba haiwezi kuthibitishwa ni moshi upi uliomdhuru nani. Ni fumbo lilelile la chungu na punje. Hatimaye, tarehe 10 Agosti 2022, Rais Joe Biden alisaini sheria inayojulikana kama PACT, ambayo inawaondolea wagonjwa wengi wa aina hiyo mzigo wa kuthibitisha. Ukiwa umehudumu mahali fulani, wakati fulani, na una ugonjwa ulioorodheshwa, inachukuliwa kwamba ulitokana na huduma yako. Na katika nchi zilizotajwa na sheria hiyo, Djibouti imo.

Tutafakari hapo. Askari aliyekaa Djibouti mwaka mmoja amepata sheria ya kumtetea. Mchuuzi wa Djibouti aliyevuta hewa ya mji ule maisha yake yote hayumo ndani ya sheria hiyo. Hatumwonei wivu askari, kwani haki yake ni haki. Tunauliza tu kama pumzi ya mchuuzi ni ya bei ndogo zaidi.

Kenya nako kuna somo. Machi 2021, wakati wa mazoezi ya jeshi la Uingereza katika hifadhi ya Lolldaiga, Laikipia, moto ulizuka na kuunguza maelfu ya ekari. Wananchi wa jirani walilalamikia, pamoja na mambo mengine, moshi walioukalia kwa siku kadhaa, wakaenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyopo Nanyuki. Upande wa Uingereza ulijitetea kwa kinga ya dola, lakini mwaka 2022 mahakama hiyo iliamua kwamba inayo mamlaka ya kulisikiliza shauri hilo. Kwa maoni yetu, hatua hiyo ina uzito kuliko fidia yoyote, kwa sababu ilisema kwamba mfugaji wa Laikipia anaweza kuuliza juu ya hewa yake na akasikilizwa.

Na kwetu Tanzania? Wengi wetu tulikuwa watoto tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha lilipolipuka Mbagala, na tarehe 16 Februari 2011, lilipolipuka la Gongo la Mboto. Katika kila tukio walikufa watu zaidi ya 20, na maelfu walikimbia nyumba zao. Tunawaombea marehemu wale pumziko la milele. Katika kumbukumbu ya taifa yamebaki mabomu, kuta zilizopasuka, mabati yaliyong'oka, watoto waliopotezana na wazazi wao. Hayo yanaonekana kwa macho na kuhesabika, na ndiyo yanayolipiwa. Moshi haumo katika kumbukumbu hiyo. Sivyo tulivyo sote? Ukuta ukipasuka tunaita fundi na mwenyekiti wa mtaa. Mapafu yakipasuka polepole kwa miaka 20, tunasema ni baridi ya Mbozi.

Pingamizi tatu

Tulipoyajadili haya na wenzetu, tulipata pingamizi tatu ambazo zinastahili kujibiwa kwa heshima.

La kwanza: usalama wa taifa. Ndugu yetu mmoja alisema, "Mnataka kila mtu ajue kambi ina jenereta ngapi?" Hapana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba wanaotumikia jeshini, wakitimiza wajibu wao kwa uadilifu, ni watumishi wa usalama na uhuru wa mataifa, na wanachangia kweli mafao ya wengi na amani. Sisi tunaliheshimu Jeshi letu la Wananchi, na wengi wetu tuna kaka, dada na wajomba ndani yake. Lakini kupima hewa si kupeleleza. Kipimo kikiwekwa nje ya uzio, kwenye zahanati au shule ya jirani, kinaonyesha kile ambacho raia anakivuta, wala hakisemi silaha ziko wapi. Ndani ya uzio, jeshi lina wahandisi na madaktari wake walioapa kutunza siri. Wao wanaweza kufanya hesabu yao na kuipeleka kwa mamlaka ya mazingira kwa njia ya siri, ili ijumlishwe na nyinginezo. Raia hahitaji kuona kila tarakimu ya kambi. Anachohitaji ni jumla. Na kama jina lenyewe ni Jeshi la Wananchi, basi pumzi ya wananchi ni sehemu ya mipaka linayoilinda.

La pili: umaskini. "Nchi za Ulaya ndizo zenye fedha za kupima hewa, sisi tuna njaa." Tunajibu kwamba maskini ndiye anayelipia kutopima. Tajiri hujenga mbali na barabara, hupikia gesi, na akiugua hupelekwa hospitali kubwa. Yule mama wa Mlowo hulipa kwa siku ambazo hakwenda shambani, kwa nauli ya kwenda zahanati, kwa mjukuu anayekosa shule ili amchotee maji. Gharama ipo tayari. Ni vile tu haijaandikwa katika kitabu chochote. Aristotle alikwisha kuonya, katika kitabu cha pili cha Siasa, kwamba kitu kinachomilikiwa na wengi ndicho hupata uangalizi mdogo. Hewa ni mali ya wote, na kwa hiyo isipopewa mlinzi hubaki yatima.

La tatu ndilo lililotuchoma zaidi: "Ninyi je?" Mwenzetu mmoja alituuliza jikoni kwetu kunapikiwa nini. Tukanyamaza. Maharage ya waseminari yanaiva kwa kuni, na wanaosimama mbele ya moshi huo si sisi tunaoandika makala, bali akina mama na akina kaka wapishi. Jumamosi, baada ya usafi, ni sisi tunaokusanya majani makavu, karatasi na mifuko na kuvitia kiberiti nyuma ya mabweni, kisha tunakwenda kuoga na kusali masifu ya jioni. Moshi wetu nao ni mdogo. Ni mmoja tu. Tungekuwa wanafiki kama tungenyooshea uzio wa jeshi kidole huku uzio wetu unafuka. Ila kosa letu halifuti swali. Linatuingiza ndani yake.

Imani inasema nini?

Kitabu cha Mwanzo kinatufundisha kwamba mwanadamu aliumbwa kwa mavumbi ya ardhi, na akawa hai pale Mungu alipompulizia pumzi ya uhai. Pumzi, basi, ni zawadi ya kwanza kabisa tuliyopewa, kabla ya chakula, kabla ya mavazi, kabla ya jina. Anayeichafua pumzi ya jirani anagusa pale Mungu alipogusa.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa tarehe 24 Mei 2015, yaani "Sifa iwe kwako", aliutaja moshi wa kupikia na kuota moto pamoja na ule wa magari na viwanda miongoni mwa mambo yanayowaumiza hasa maskini. Mbele zaidi, katika aya ya 183 na zinazofuata, alizungumzia tathmini ya athari kwa mazingira. Alifundisha kwamba isiwe nyongeza ya mwisho baada ya mradi kukwisha kuamuliwa, bali iwepo tangu mwanzo. Iwe ya wazi, ishirikishe taaluma mbalimbali, isikubali shinikizo la fedha wala la siasa, na wananchi wa mahali pale wawe na nafasi ya pekee. Aliorodhesha pia maswali ya kuuliza mbele ya kila mradi: unalenga nini, kwa ajili ya nani, una hatari gani, na nani atalipa gharama. Tunathubutu kuongeza swali moja la Mlowo: ukijumlishwa na yaliyopo tayari, inakuwaje?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatufundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya mafao ya wengi, linalotolewa na yule mwenye jukumu la kuitunza jumuiya. Tukilishika fundisho hilo, fumbo la Eubulide linapata jibu la kimaadili hata kama halipati la kimantiki. Ni kweli hakuna punje moja yenye hatia ya chungu nzima. Lakini yupo anayeitunza jumuiya nzima, na kazi yake ni kuitazama chungu. Kila mchangiaji anawajibika kwa haba yake, na mtunzaji wa jumuiya anawajibika kwa kibaba. Akisema "sikujua jumla", hajajitetea, kwa maana kujua jumla ndiyo kazi aliyopewa. Mama Kanisa anatufundisha kuungama si yale tu tuliyotenda, bali pia wajibu tulioacha kuutimiza.

Tufanye nini?

Kwanza, tunaomba kwamba tathmini ya kila mradi mpya, uwe wa barabara, kiwanda, kituo cha malori au kambi, isianze na mradi bali ianze na watu: ni nani wanaovuta hewa ya hapa, na wanavuta nini leo hii? Hewa iliyopo ipimwe kwanza, kiangazi na masika, mchana na alfajiri. Sisi wa Mbozi tunajua kwamba asubuhi za baridi za Juni na Julai moshi hulala chini kama blanketi, kwa sababu hewa baridi ya bondeni huuzuia usipande. Anayepima mchana wa upepo na kuondoka hajaijua hewa ya Mlowo. Na kambi za jeshi, kwa utaratibu wa siri unaofaa, ziingizwe katika hesabu hiyo badala ya kuachwa kama nafasi tupu kwenye ramani.

Pili, halmashauri zetu zianze na kidogo kilichopo. Vipo vipima hewa vidogo vya bei nafuu. Havina usahihi wa vile vikubwa, lakini vinatosha kuonyesha saa mbaya na mahali pabaya. Kimoja shuleni, kimoja zahanati, kimoja stendi. Zahanati zinaandika tayari wagonjwa wa kifua katika vitabu vyake. Yeyote anayeweza kuhesabu kwa mwezi na kwa kitongoji anaweza kuanza kuiona chungu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Lengo hilo likifika vitongojini, kikohozi cha akina mama wengi kitapungua. Lakini mama akiacha kuni huku tanuri, taka na foleni ya malori vikibaki vilevile dirishani kwake, tutakuwa tumepunguza haba moja tu.

Tatu, sisi wenyewe. Parokia zetu, vigango, shule na seminari ziwe za kwanza kujihesabu. Jiko la taasisi linaloshika kuni vizuri na lenye bomba la kutoa moshi si anasa, ni haki ya mpishi. Majani yageuzwe mboji. Plastiki isichomwe. Halmashauri Walei, WAWATA na VIWAWA waliweke suala la hewa katika ajenda ya Kipindi cha Uumbaji, kinachoanza tarehe 1 Septemba hadi 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Hapa seminarini tumekwisha kuwasilisha ombi letu juu ya jiko, na moto wa Jumamosi tumeuzima sisi wenyewe. Hatua ni ndogo, nasi hatujivunii, tumeitaja ili yeyote atakayetuuliza "ninyi je?" apate jibu.

Tarehe 1 Septemba ina jambo jingine la kutufaa. Ndiyo siku ya kuombea utunzaji wa kazi ya uumbaji, na ndiyo pia siku ambayo, mwaka 1964, Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilianzishwa. Tusingeweza kupanga vizuri zaidi. Siku hiyo tunaweza, katika Misa moja, kuwaombea wanajeshi wetu na kuiombea hewa ambayo wao, watoto wao na majirani wa kambi zao wanaivuta pamoja.

Tulirudi kwa yule mama kabla likizo haijaisha. Tulimwambia ukweli: "Mama, anayekukohoza si mtu mmoja. Ni sisi sote kidogo kidogo, na hakuna aliyepewa kazi ya kutuhesabu." Alifikiri kidogo, akakohoa, kisha akasema, "Basi mkiwa mapadre, hesabuni."

Hatutaki kungoja mpaka tuwe mapadre.